Utani Uliokatwa Kabla ya Jibu

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikiona mtoto ameinamia simu. Wakati huo simu za mkononi hazikuwapo, na mimi nilikuwa kijana mwembamba niliyetoka chuo cha ualimu, nimerudi kwetu Kurui, huko Kisarawe, kusubiri kupangiwa kituo. Nilijiona msomi kwelikweli. Kalamu haikutoka mfukoni mwa shati hata nikienda kuoga mtoni. Wazee walinitazama wakanyamaza, maana ujana ni moshi, nao walijua utaniondokea wenyewe bila kusukumwa.

Siku hiyo nilimkuta mgeni barazani kwa mjomba wangu Kondo. Alikuwa mtu wa makamo aliyekuja kununua korosho, gunia lake kando, na binti yake mdogo amemshika suruali. Mjomba alikuwa ndani. Nikamuuliza mgeni kwao ni wapi, akasema Tabora, yeye ni Mnyamwezi. Kusikia hivyo nikafurahi, nikaona leo nimepata mtu wangu.

Labda wewe hujui, maana siku hizi mambo haya hayafundishwi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Tumeurithi utani huo tangu enzi za misafara ya miguu, wenzetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani, wakipita kwetu, wakipumzika kwetu, wengine wakiugua kwetu na kuzikwa na mikono yetu. Mtani wako anaweza kukuita mtumwa wake, akakuvua kofia, akaingia jikoni akafunua sufuria, nawe usikasirike, kwa sababu zamu yako itafika. Na siku ya msiba mtani ndiye anayeingia penye vilio akawachekesha wafiwa. Ndugu hawezi kazi hiyo, na mgeni haruhusiwi.

Basi nikamwambia yule mgeni, "Mtumwa wangu, nani kakuruhusu kukaa kwenye kiti? Simama ubebe gunia hilo." Mgeni akatabasamu, akawa anatafuta jibu, na kwa jinsi nilivyomwona machoni lingekuwa jibu kali. Kabla hajalitoa, binti yake akaanza kulia. Alilia kweli, amekumbatia mguu wa baba yake, anamwomba waondoke. Hakuna aliyekuwa amemfundisha utani. Yeye alisikia baba yake anaitwa mtumwa na mtu mwenye kalamu mfukoni.

Mjomba akatoka. Hakupandisha sauti, kwa sababu mjomba Kondo alikuwa mkali zaidi akisema polepole. Akaniambia, "Utani una watu wawili na mlango mmoja. Huyu mtoto hajapita mlangoni, wewe umemrushia maneno dirishani. Beba gunia la mgeni mpaka barabarani, mtoto aone mtumwa ni nani."

Nikalibeba. Njia ya mchanga, jua la mchana, na wasichana walewale niliokuwa nikiwaringia kalamu wamesimama kisimani wananitazama. Mgeni nyuma yangu akapata nafasi ya kutoa jibu lake, akalitoa njia nzima: kwamba mgongo wa Mzaramo haujui mzigo, unajua ngoma tu, na kwamba kama pwani ingeachiwa sisi tuijenge, hadi leo watu wangelala mchangani. Binti akaacha kulia. Tulipofika barabarani alikuwa anacheka, ananiambia nitembee vizuri nisije nikamwaga korosho za baba yake. Nilishusha gunia nikiwa nimelowa jasho na nimeelewa. Tangu hapo sikumtania mtu mbele ya mtoto kabla ya kujua kama mtoto huyo anaujua mchezo. Nalishika neno la mjomba mpaka leo, na ndiyo maana yaliyonikuta uzeeni yananichoma hivi.

Nilipangiwa kituo Kibaha, nikafundisha huko mpaka nikastaafu, na nyumba yangu iko Tumbi. Jirani yangu alikuwa Maganga, Mnyamwezi, dereva wa serikali aliyekuja toka bara akiwa kijana asiyejua bei ya nazi. Tumeishi na mtu huyo ukuta kwa ukuta. Hakuna sikukuu niliyokula nyama bila Maganga kuja kudai kwamba ng'ombe ni wake, mimi nilikuwa mchungaji tu. Watoto wetu walizaliwa humo ndani ya utani wakakua nao. Mjukuu wake Kalunde alipoanza kutembea alikuwa akiingia kwangu bila hodi, anaelekea kwenye kopo la sukari, ananiambia, "Mzaramo, umeficha wapi vitu vyetu?" Nilimpenda mtoto yule, nakuambia wazi, kama wangu wa kumzaa.

Maganga alifariki masika yaliyopita. Nilijua lililo juu yangu kama mtani. Kabla ya jeneza kufika makaburini nilitazama pande zote, nikamkumbuka mjomba, nikamwomba binti yangu Tumaini awachukue watoto wote warudi nyumbani. Kalunde alikuwa miongoni mwao. Watoto walipoondoka na jeneza lilipofika, ndipo nikavaa koti la udereva la Maganga na kofia yake, nikaruka kaburini, nikalala chali. Nikasema, "Hazikwi mtu humu. Huyu ni mtumwa wangu. Babu yangu alimnunua babu yake kwa kibaba cha chumvi, na kazi hajamaliza. Nani kampa ruhusa ya kufa?"

Watu walicheka huku machozi yanawatoka. Katekista aligeuka pembeni. Mimi mwenyewe nilikuwa nalia humo shimoni, ila nilikuwa nimejifunika uso kwa kofia ya rafiki yangu, na kofia bado ilikuwa na harufu yake. Kisha mjane wake, Bi Veronika, akasogea ukingoni akanijibu kwa niaba ya marehemu, kama ipasavyo: "Toka humo, Mzaramo mvivu. Hata kaburi unataka la kuchimbiwa na wenzako. Maganga ametangulia kukutandikia, maana akikusubiri wewe uamke, kutakucha lini?" Akanirushia sarafu ya kikombozi. Nikapanda juu, nikavua koti, tukamzika. Hivyo ndivyo utani unavyokamilika, mwanangu. Nilimshika marehemu, mkewe akamkomboa, naye akaenda akiwa mtu huru.

Sasa kulikuwa na kijana mmoja katika waombolezaji aliyekuwa amesimama na simu. Nilimwona. Nilidhani anaongea na mtu. Nilikuwa nimekagua kila mtoto pale makaburini, lakini sikuikagua simu. Kijana huyo alirekodi kipande kifupi, kinachoanza nikiwa nimelala kaburini na kuishia pale niliposema nani kampa ruhusa ya kufa. Jibu la Bi Veronika hakulichukua. Akakirusha mtandaoni, nadhani kwa nia njema ya kuchekesha watu. Wengine wakakiokota, wakakipa kichwa chao: mzee aeleza jinsi watu wa Tabora walivyokuwa watumwa wa Wazaramo. Mimi sikujua lolote, simu yangu ni ya kitochi.

Tumaini anafundisha darasa la nne katika shule moja hapa Kibaha. Muhula huo walikuwa wanajifunza mikoa ya nchi yetu. Zamani mimi niliifundisha mikoa kwa wimbo na fimbo, mtoto anaikariri kama sala, na ukimuuliza Rukwa kuna watu gani anakutazama kama umemtukana. Tumaini alikuwa na njia bora. Aligawa darasa katika makundi, kila kundi mkoa wake, akawaambia watafute mtandaoni kwa kishikwambi chake pale shuleni, na nyumbani kwa simu za wazazi: watu wa mkoa huo ni akina nani, wanakula nini, wanafanya kazi gani, wana historia gani. Kisha waandike kwenye manila na wasimame mbele ya wenzao waeleze. Nilimwambia kwamba amenipita kwa mbali, na nilikuwa nasema kweli.

Kalunde, aliyekuwa darasani humo, aliomba Tabora. Aliomba kabla mikoa haijagawiwa, amesimama kabisa. Alikuja kwangu jioni kuniuliza ikiwa babu yake alipokuwa kijana alirina asali, nikamwambia alirina, na alipigwa na nyuki mpaka akakimbilia udereva. Akacheka, akachora mzinga mkubwa katikati ya manila. Alikuwa bado na msiba moyoni, na nadhani kazi ile ilikuwa namna yake ya kuwa na babu yake kidogo zaidi.

Siku ya kueleza ikafika. Tumaini alikuwa amesoma kila walichoandika akaridhika. Lakini katika kundi la Tabora kulikuwa na mtoto mmoja mwenye bidii, na usiku uliotangulia alikuwa ameendelea kutafuta kwa simu ya mama yake sehemu ya historia. Akapata kitu ambacho wenzake hawakuwa nacho. Asubuhi alijaza mstari mwisho wa manila: zamani watu wa Tabora walikuwa watumwa wa Wazaramo. Kisha, kama alivyofundishwa kwamba kila habari ioneshwe ilikotoka, akakifungua kile kipande kwenye kishikwambi, nacho kilikuwa kimeunganishwa na mashine ya kuonesha picha ukutani. Tumaini alikuwa nyuma ya darasa anabandika manila ya Mtwara. Aligeuka aliposikia sauti yangu.

Darasa zima liliniona nimelala kaburini na koti la Maganga. Wengine walicheka, kisha wakaona jeneza wakanyamaza. Kalunde alikuwa amesimama mbele, mkono wake kwenye mzinga aliouchora. Mtoto mmoja akanyoosha kidole, akauliza kwa adabu, "Mwalimu, kwa hiyo Kalunde naye ni mtumwa?"

Hakuwa na ubaya, mwanangu. Alikuwa anauliza kama alivyofundishwa kuuliza. Tumaini aliizima mashine, akaanza kueleza, akashindwa, akalia mbele ya wanafunzi wake.

Kuanzia siku hiyo jina lile likamganda Kalunde. Wakati wa kutoka, watoto walimpa mabegi yao awabebee, kwanza mmoja kwa mchezo, kisha wengi. Naye akabeba. Hilo ndilo lililonivunja niliposikia. Mtoto aliyekuwa akinivamia na kudai sukari kama askari wa kodi, alibeba mabegi ya wenzake mpaka getini bila kusema neno. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, na huu ulianzia kinywani mwangu.

Nilifanya nilichojua. Nilikwenda darasani kwa ruhusa ya mwalimu mkuu. Watoto walisimama wakaniamkia vizuri, nikawaeleza utani tangu misafara ya miguu, nikawaeleza jibu la Bi Veronika, nikaiga na sauti yake. Walisikiliza kwa utulivu hadi nikajisifu kimoyomoyo kwamba chaki yangu haijaisha. Nilipokuwa napita uwanjani nikitoka, nikasikia wanaitana mtumwa, wote kwa wote, wakikimbizana. Nilikuwa nimewapa ruhusa. Nilitaka kuzima moto, nikaongeza kuni.

Yule kijana wa simu tulimpata. Aliomba msamaha kwa magoti, akakifuta kipande chake mbele yetu. Tumaini akatafuta tena Tabora, na kile kipande kikaja, kimerushwa na watu ambao hatuwajui, wengine wa nchi za mbali, na chini yake watu wazima wanatukanana makabila kwa maneno ambayo sitayaandika. Nilimuuliza Tumaini nani mwenye ufunguo wa mahali hapo, niende nikaongee naye. Akanitazama kwa huruma. Mjomba Kondo aliniambia utani una mlango mmoja. Hapa sikuona mlango wala ukuta.

Nikaenda kwa Petro, mtoto wa Maganga, baba yake Kalunde. Nilimkuta ametoka kazini Dar, bado ana shati la ofisini. Alinisalimia shikamoo, akanipa kiti, akaniletea maji. Hakunitania. Nilikaa kwenye kile kiti nikijua mambo yameshaharibika. Mwishowe akasema, "Mzee, sina ugomvi na wewe. Ila utani naomba tuuache. Watoto wetu hawauwezi."

Nikamwambia utani hauachwi na mtu mmoja. Akasema basi yeye ameacha, akatazama chini kama mtu anayemfukuza baba yake.

Kalunde alikuwa mlangoni. Akaniuliza kwa nini nilimwita babu yake mtumwa wakati alikuwa amekufa, hawezi kujibu. Angalia swali hilo. Mtoto alikuwa anaijua sheria ya utani kuliko wote waliokitazama kile kipande, aliona nimeivunja. Nikamwambia bibi yake alijibu, tena jibu lililonishinda. Bi Veronika akatoka ndani akashuhudia, akalirudia jibu lake neno kwa neno.

Kalunde akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Naamini, babu. Lakini bibi hayupo kwenye simu."

Nikainuka kwenye kile kiti, nikarudi kwangu.

Alianza kukataa shule. Asubuhi tumbo linamuuma, mchana limepona. Bi Veronika alikuwa amepanga kurudi kwao Tabora baada ya arobaini, akasema atakwenda naye, akasome huko ambako kila mtu ni wa Tabora. Siku ya safari niliamka mapema nikaenda Maili Moja, wanakosimama wapanda mabasi ya bara, nikawakuta wamekaa juu ya mizigo yao mbele ya duka la vifaa vya ujenzi. Nilikuwa na wazo moja tu, mwanangu, wazo la kizee. Nilitaka kubeba begi la mtoto yule. Nilitaka nilibebe mgongoni mbele ya wauza maji na madereva wote, yeye nyuma yangu akinisimanga, acheke, kama yule binti wa Kurui. Ningelibeba hata mpaka Chalinze.

Basi likaja. Nikainama nikalishika begi.

"Acha, babu," Kalunde akasema. "Sisi ndio tunaobeba."

Hakusema kwa hasira, wala hakutania. Nilimtazama usoni nikitafuta ule ujanja wa kopo la sukari, nao haukuwepo. Alisema kama mtu anayetaja kitu alichojifunza shuleni. Akalitupia begi mgongoni, akapanda, na bibi yake akanishika mkono kidogo kabla ya kumfuata. Petro alisimama upande wa pili wa barabara mpaka basi likaondoka. Hatukurudi pamoja.

Tumaini bado anafundisha. Mikoa ameirudisha kwenye wimbo, nilivyokuwa nikiifundisha mimi, na nikimsikia anawaimbisha naona aibu kwa niaba yetu wote wawili, maana njia yake ilikuwa bora na mimi ndiye niliyeiharibu nikiwa nimelala kwenye kaburi la rafiki yangu.

Sasa nasaha, mwanangu, ingawa naitoa nikijua imechelewa kwangu. Ukiwa mwalimu, wape watoto mtandao, usiwanyime. Lakini utafutaji usiishie kwenye kioo. Mtoto akishapata anachodhani ni Tabora, au Mtwara, au Kagera, apeleke alichokipata kwa mtu wa huko kabla hajakiandika, amsomee, asikie anajibu nini. Kibaha hii imejaa watu wa kila mkoa. Hakuna mtaa utakaokosa mtu wa kumuuliza. Habari ya watu isiyo na jibu la watu hao ni nusu ya habari, na nusu hiyo inauma. Na wewe mwenye simu, ukisimama penye msiba, au penye mzaha wa wazee, iweke mfukoni. Ukishindwa, basi rekodi mpaka mwenzake ajibu. Usimwache mtu kaburini hajakombolewa.

Mungu akulinde na maneno yako mwenyewe. Akupe jirani wa kukuvua kofia, na wajukuu wa kukuibia sukari. Na siku yako ikifika, iwe mbali, awepo mtu wa kuruka shimoni akakugombania kidogo kabla hawajakushusha. Mimi wangu alikuwa Maganga, na baada yake angekuwa Petro. Mimi watanishusha moja kwa moja.